Kufundisha Mawimbi ya Maji: Kanuni na Mpaka Wake

Utangulizi

Mawimbi ya maji ni miongoni mwa mambo ambayo mtoto ameyaona mara nyingi kabla hajaanza shule. Ameyaona katika ndoo aliyojitwika kutoka kisimani, katika dimbwi baada ya mvua, na pengine ziwani au baharini. Kwa sababu hiyo mwalimu huweza kudhani kuwa somo hili ni jepesi; kwamba yatosha kuandika ubaoni maana ya wimbi, kuchora kilele na bonde, kisha kuwapa wanafunzi maswali. Sisi tunaona kinyume chake. Jambo lililozoeleka ndilo gumu kulifundisha, kwa kuwa mwanafunzi huja darasani akiwa tayari na maelezo yake mwenyewe, na maelezo hayo hayafutiki kwa maneno ya ubaoni.

Maelezo ambayo watoto wengi huja nayo ni kwamba wimbi ni maji yanayosafiri. Waulizeni wanafunzi wa darasa la tano ni kitu gani kinachotoka katikati ya bwawa na kufika ukingoni jiwe linapotupwa, aghalabu watajibu, "Maji."

Katika makala haya tumekusudia kuonyesha jinsi mwalimu anavyoweza kuwaongoza wanafunzi waiache dhana hiyo na kuifikia kanuni iliyo sahihi, kwa kutumia zana zinazopatikana katika kijiji chochote. Pamoja na hayo tunataka kusisitiza jambo ambalo husahauliwa mara nyingi, nalo ni kwamba kanuni hiyo ina mpaka. Mwanafunzi aliyefundishwa kanuni bila ya mpaka wake amepata nusu ya somo, na mbele ya maji nusu hiyo yaweza kumponza.

Zana zinazohitajika

Mwalimu na atayarishe vitu hivi siku moja kabla ya somo:

(a) beseni au karai pana kwa kila kikundi cha wanafunzi sita au saba;
(b) vipande vidogo vya moyo wa bua la mtama au la muhindi, ambavyo huelea vizuri;
(c) kamba ya mita 4 na kitambaa chekundu;
(d) debe lililopasuliwa kwa urefu likawa kama hori. Mwalimu mwenyewe, wala si wanafunzi, azikunje kingo zake kwa ndani na kuzigonga kwa nyundo zisije zikakata mikono;
(e) rula na saa yenye mshale wa sekunde.

Shule isiyo na saa ya namna hiyo isiliache somo. Fungeni jiwe dogo kwenye uzi, mlining'inize mahali palipo imara, na urefu kutoka fundo la juu hadi katikati ya jiwe uwe mita 1. Jiwe hilo likibembea polepole, kila mara linapotoka upande mmoja kwenda upande wa pili hupita takriban sekunde 1. Mwanafunzi mmoja ahesabu mabembeo kwa sauti, na darasa zima litakuwa na saa yake.

Hatua ya kwanza: kutabiri, kisha kutazama

Jazeni maji katika beseni hadi kufikia kina cha kiganja. Yaacheni yatulie kabisa. Wekeni vipande vinne vya bua mahali mbalimbali, kimoja karibu na katikati. Kabla ya kudondosha chochote, mwalimu aulize: "Nikidondosha kijiwe katikati, vipande hivi vitakwenda wapi?" Kila mwanafunzi aandike jibu lake katika daftari. Mwalimu asiseme jibu lipi ni sahihi, wala asilionyeshe kwa uso wake.

Sasa kijiwe kidondoshwe kutoka kimo cha shubiri moja. Viwimbi vitatoka katikati kwa duara zinazopanuka, vitafika ukingoni na kurudi. Vipande vya bua vitapanda na kushuka, na vyote vitabaki karibu na mahali vilipokuwa. Zoezi lirudiwe mara tatu au nne, kwa kuwa mara ya kwanza watoto hutazama jiwe, mara ya pili hutazama duara, na mara ya tatu ndipo wengi huanza kukitazama kipande cha bua.

Baada ya hapo mwalimu aulize maswali mawili, moja baada ya jingine: "Je, wimbi lilifika ukingoni?" Wote watakubali. "Je, kipande cha bua kilifika ukingoni?" Hapa tunawashauri walimu wanyamaze kwa muda. Kimya hicho kina kazi kubwa kuliko maelezo yoyote. Mwanafunzi anayagonganisha aliyoyaandika na aliyoyaona, na ni yeye mwenyewe atakayesema kwamba kilichosafiri si maji.

Kilichosafiri ni nini, basi? Ni msukosuko, na pamoja nao nishati ambayo kijiwe kiliyapa maji. Kuliweka wazi jambo hili, wanafunzi wawili waishike kamba kwenye ncha zake, kitambaa chekundu kikiwa kimefungwa katikati. Mmoja aitikise kamba mara moja kwa nguvu. Nundu itatoka mkononi mwake na kufika kwa mwenzake, ambaye ataihisi mkononi. Lakini kitambaa kitapanda na kushuka palepale kilipofungwa. Mkono wa pili umepokea nishati, ila haukupokea hata kipande kimoja cha kamba kutoka mkono wa kwanza.

Mpira ulioingia bwawani

Mafunzo haya yana matumizi ya mara moja katika maisha ya watoto. Mpira ukiingia bwawani, watoto hurusha mawe upande wa pili wa mpira wakitumaini kwamba mawimbi yataurudisha. Jiwe kubwa likianguka karibu sana laweza kuusukuma kidogo kwa maji yanayoruka. Lakini viwimbi vyenyewe hupita chini ya mpira na kuuacha ukichezacheza. Watoto wakichoka kurusha mawe, mmoja wao huvua shati na kuingia majini. Huo ndio mwanzo wa ajali ambazo walimu wa vijijini wanazijua.

Kwa hiyo jaribio hili lifanywe darasani. Kipande cha bua kiwekwe katikati ya karai, na mwanafunzi adondoshe matone ya maji upande wa pili wake, akihesabu ni matone mangapi yatakayokifikisha ukingoni. Atahesabu mengi na bua litakuwa bado katikati. Kisha mwenzake apulize taratibu kwa mdomo. Bua litaelea hadi ukingoni mara moja. Wanafunzi watatambua kwamba kinachousafirisha mpira juu ya bwawa ni upepo, na kwamba mwenye mpira afadhali azunguke aende upande ambao upepo unaelekea, akae ukingoni kuungojea au autafute mti mrefu wa kuuvutia. Mtoto aliyeona hivyo kwa macho yake ana sababu ya kutoingia majini iliyo na nguvu kuliko katazo la mwalimu.

Hatua ya pili: kueleza kwa nini

Baada ya kuona, wanafunzi watauliza sababu. Maelezo yafuatayo yanatosha kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Maji yaliyoinuliwa hayawezi kubaki yameinuka. Mvutano wa dunia huyashusha. Yakishuka hayasimami penye usawa, bali hupitiliza, kama bembea isivyosimama katikati. Yanapopitiliza huyasukuma maji ya jirani, nayo yakainuka. Jirani naye humfanyia jirani yake vivyo hivyo, na hivyo msukosuko ukasonga mbele. Katika viwimbi vidogo sana kuna kani nyingine inayosaidia kazi hiyo, nayo ni mkazo wa uso wa maji, ambao hufanya uso huo uwe kama ngozi iliyowambwa. Mkazo huu ndio unaomwezesha mdudu mwepesi kusimama juu ya maji bila kuzama. Katika maji safi, mawimbi yenye urefu wa sentimita 1.7 hivi kutoka kilele hadi kilele ndiyo yaendayo polepole kuliko yote, yaani sentimita 23 hivi kwa sekunde. Yaliyo mafupi kuliko hayo hutawaliwa zaidi na mkazo wa uso, na yaliyo marefu hutawaliwa zaidi na mvutano wa dunia.

Mwalimu aangalie pia asiwaambie wanafunzi kwamba maji hupanda na kushuka tu, kama kitambaa cha kwenye kamba. Mwaka 1825 ndugu wawili wa Kijerumani, Ernst na Wilhelm Weber, walichapisha kitabu juu ya mawimbi baada ya kuyachunguza katika hori lenye kuta za kioo, ambamo walifuatilia mwendo wa chembe ndogo zilizokuwa majini. Waliona kwamba chembe hizo huzunguka. Mahali penye kina kikubwa, kila chembe ya maji huchora duara: wimbi linapokaribia chembe hupanda, kileleni huenda mbele, wimbi likipita hushuka, na bondeni hurudi nyuma, ikawa karibu palepale ilipoanzia. Mvuvi aliyetia nanga nje ya mwamba anaujua mwendo huu kwa mwili wake: chombo huinuliwa, huenda mbele kidogo, huteremshwa, kisha huvutwa nyuma.

Duara hizo hupungua upesi kadiri tunavyokwenda chini. Kwenye kina kilicho sawa na nusu ya urefu wa wimbi, mwendo wa maji ni mdogo sana. Ndiyo maana mpiga mbizi huweza kukuta utulivu chini ilhali juu kumechafuka.

Hatua ya tatu: kina na mwendo wa wimbi

Sasa tutumie debe lililopasuliwa. Tuchukue kwamba urefu wa hori hilo ni sentimita 35. Litieni maji yenye kina cha sentimita 1, mkilipima kwa rula kwenye ncha zote mbili ili kuhakikisha kwamba limekaa sawa. Inueni ncha moja kwa unene wa kidole, kisha mwiteremshe taratibu. Wimbi moja pana litakwenda hadi upande wa pili, ligonge, lirudi. Hesabuni safari 10, kila upande ukigongwa ni safari moja, na mwandike muda uliotumika. Kisha ongezeni maji hadi kina cha sentimita 4, mrudie zoezi.

Katika kina cha sentimita 1, safari 10 huchukua sekunde 11 hivi. Katika kina cha sentimita 4 huchukua baina ya sekunde 5 na 6. Vikundi vyote havitapata jibu moja, na mwalimu asiwalazimishe; tofauti za nusu sekunde au zaidi ni za kawaida kwa zana hizi. Lililo muhimu ni kwamba kila kikundi kitaona wimbi likienda haraka zaidi katika maji yenye kina zaidi, na kwamba kina kilipozidishwa mara 4 mwendo ulizidi karibu mara 2.

Kwa faida ya mwalimu mwenyewe, kanuni ni hii: wimbi ambalo urefu wake ni mkubwa sana kuliko kina cha maji huenda kwa mwendo ulio sawa na kipeuo cha pili cha 9.8 mara kina. Kina kikiwa katika mita, mwendo hupatikana katika mita kwa sekunde. Nambari 9.8 inatokana na mvutano wa dunia.

Hatua ya nne: mpaka wa kanuni

Hapa ndipo walimu wengi hukomea, na hapa ndipo tunawaomba wanachuo wasikomee. Mwanafunzi wa pwani atainua mkono na kusema: "Mwalimu, nikisimama ufukweni maji hunijia na kuniangusha. Mbona umesema maji hayasafiri?" Swali hili ni zuri, nalo lijibiwe kwa yale ambayo debe limetuonyesha.

Wimbi linapokaribia ufuko, kina hupungua, na sehemu yake ya mbele hupunguza mwendo kabla ya sehemu ya nyuma. Wimbi linabanwa: urefu wake hupungua, kimo chake huongezeka, na uso wake wa mbele husimama wima. Kina kinapokuwa karibu sawa na kimo cha wimbi lenyewe, duara za maji hazina tena nafasi ya kukamilika. Kilele huenda mbele, kikakosa maji ya kukishika, kikaanguka. Wimbi limevunjika. Tangu hapo si msukosuko tu unaosafiri. Maji yenyewe yanakwenda mbele kwa nguvu, kisha hayana budi kurudi baharini. Yanaporudi hukusanyika mara nyingine katika mkondo mwembamba wenye nguvu ya kumchukua hata mwogeleaji hodari.

Kanuni yetu, basi, isomeke hivi: wimbi husafiri na kuyaacha maji karibu palepale, hadi linapofika penye maji haba na kuvunjika. Wanafunzi waiandike pamoja na mpaka wake.

Kwa njia hiyohiyo wanafunzi wa pwani wataweza kueleza mambo mawili wanayoyaona kila siku. Kwanza, ule mstari mweupe wa povu unaoonekana mbali na ufuko unaonyesha mahali palipo na mwamba wa matumbawe na maji haba. Nahodha huusoma ili asipande mwamba. Pili, mawimbi huja karibu sambamba na ufuko hata kama upepo unavuma kwa mshazari, kwa sababu upande wa wimbi uliotangulia kufika penye maji haba hupunguza mwendo, na ule uliobaki penye kina ukazunguka kuufikia.

Mfano wa mwaka 2004

Umuhimu wa mafunzo haya ulidhihirika tarehe 26 Desemba 2004. Alfajiri hiyo, kwa saa za Afrika Mashariki, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 9.1 lilitokea chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, likaiinua sakafu ya bahari na kuzaa mawimbi ya tsunami. Urefu wa mawimbi ya namna hiyo kutoka kilele hadi kilele huweza kuzidi kilomita 100. Kwa wimbi refu hivyo, hata bahari yenye kina cha kilomita 4 ni kama maji ya debe, na kanuni ya debe ndiyo inayolitawala. Tukikokotoa kwa kina cha mita 4,000 tunapata mita 198 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Kwa kina cha mita 10 tunapata kilomita 36 hivi kwa saa. Mwendo unapopungua hivyo, kimo hupanda. Wimbi ambalo meli katikati ya bahari isingelitambua huwa ukuta wa maji ufukweni.

Mawimbi hayo yalivuka Bahari ya Hindi na kufika kwetu mchana wa siku ileile. Somalia ndiyo iliyoumia zaidi katika pwani ya Afrika. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wengi wao wakiwa waogeleaji. Kenya, ambako habari ziliwahi kufika na watu wakaondolewa katika fuko nyingi, alikufa mtu 1.

Siku hiyo katika ufuko wa Mai Khao, kisiwani Phuket, Thailand, alikuwako msichana wa Kiingereza wa miaka 10, Tilly Smith, aliyekuwa likizoni na wazazi wake. Wiki mbili kabla, mwalimu wake wa jiografia alikuwa amelifundisha darasa lake dalili za tsunami. Alipoyaona maji yakitoa povu na kwenda kwa namna isiyo ya kawaida, alizitambua dalili hizo, akawaambia wazazi wake bila kukubali kunyamazishwa. Ufuko ukaondolewa watu wapatao 100, na hapakuwa na aliyekufa pale.

Tunapenda wanachuo wazingatie kwamba mtoto huyo hakuokoa watu kwa kukariri maana ya neno. Alitazama maji yaliyokuwa mbele yake, akayalinganisha na aliyofundishwa, akaona kwamba hayalingani na mawimbi ya kila siku. Wanafunzi wetu wafundishwe jambo hilohilo: bahari ikirudi nyuma ghafla wakati si wa kupwa, au maji yakipanda upesi bila sababu, au ardhi ikitetemeka kwa nguvu na kwa muda mrefu, wakimbilie mahali palipoinuka, wala wasishuke kuokota samaki. Tena bahari hairudi nyuma kila mara kabla ya tsunami, na wimbi la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote. Kwa hiyo wasirudi ufukweni wimbi la kwanza likiisha kupita.

Tahadhari kwa mwalimu

Majaribio yote manne hufanyika darasani au uwanjani. Mwalimu akiwapeleka wanafunzi bwawani, ziwani au ufukweni kutazama, awe na mwalimu mwenzake, awahesabu wanafunzi kabla ya kuondoka na kila baada ya muda, na wote wasimame penye ardhi kavu. Somo hili ni la kutazama kwa macho. Halihitaji mguu wa mtoto kuingia majini.

Kazi kwa mwanachuo

1. Fanya jaribio la debe kwa kina cha sentimita 1, 2, 3 na 4. Chora grafu ya mwendo dhidi ya kina. Je, mstari wake umenyooka? Eleza.
2. Andika maandalio ya kipindi cha dakika 40 juu ya hatua ya kwanza. Onyesha wazi mahali ambapo mwalimu atanyamaza, na kwa muda gani.
3. Mwanafunzi anasema: "Upepo ukivuma juu ya shamba la mpunga, mpunga nao hufanya mawimbi." Utalitumiaje jambo hilo darasani? Mpunga unafanana na maji katika lipi, na unatofautiana nayo katika lipi?
4. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, kusanya majibu ambayo wanafunzi waliandika kabla ya kijiwe kudondoshwa, na majibu yao wiki moja baada ya somo. Yalinganishe, kisha uyajadili na mkufunzi wako. Hasa tazama ni wangapi walioikumbuka kanuni, na ni wangapi walioukumbuka mpaka wake.